Amana na Stakabadhi: Usalama wa Mizigo ya Wageni Inayohifadhiwa Hotelini, kwa Mfano wa Wapanda Mlima wa Moshi na Arusha

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna mzigo wa mgeni unavyoweza kuwa salama unapoachwa hotelini wakati mwenyewe hana chumba, yaani kabla ya kukabidhiwa chumba au baada ya kukirudisha. Mfano unaotumika ni wa hoteli za Moshi na Arusha, ambako wapanda Mlima Kilimanjaro na watalii wa hifadhi za wanyama huacha sehemu ya mizigo yao kwa siku kadhaa. Hoja kuu ni kwamba usalama wa mzigo wa aina hiyo hutegemea kumbukumbu kuliko kufuli: nani amepokea nini, lini, katika hali gani, na kwa masharti gani ya kuurudisha. Hoja hiyo inajengwa kwa kuchambua dhana ya amana, misingi ya sheria inayoongoza wajibu wa mtunza amana, na hatua tatu za utunzaji ambazo ni kupokea, kutunza na kutoa. Makala inahitimisha kwamba stakabadhi iliyoandikwa vizuri humlinda mgeni, humlinda mwenye hoteli, na zaidi ya wote humlinda mhudumu wa ngazi ya chini ambaye lawama humwangukia kwanza.

Istilahi muhimu: amana, mtunza amana, stakabadhi, uzembe, makabidhiano, mzigo wa mgeni

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa huduma zinazotolewa na hoteli, kuhifadhi mizigo ni huduma ambayo aghalabu haimo katika orodha ya bei wala haina mkataba wa maandishi. Mgeni aliyerudisha ufunguo wa chumba saa nne asubuhi, huku basi au ndege yake ikiondoka usiku, humwomba mhudumu wa mapokezi amtunzie begi. Mhudumu huitikia, begi huwekwa nyuma ya kaunta au katika chumba kidogo kilicho karibu, naye mgeni huenda zake. Tendo hili huchukua dakika moja tu. Hata hivyo, ndani ya dakika hiyo mali hutoka katika mikono ya mwenyewe na kuingia katika mikono ya mtu mwingine, na mara nyingi hakuna neno lolote linaloandikwa.

Kwa kuwa tendo lenyewe ni dogo na hufanyika kwa ukarimu, ni rahisi kuliona kuwa ni fadhila isiyo na uzito wa kisheria. Mtazamo huo ndio unaozaa migogoro. Begi likipotea, mgeni hudai kwamba alilikabidhi kwa hoteli. Hoteli hudai kwamba ilimsaidia tu bila malipo. Na mhudumu aliyekuwa zamu huulizwa maswali ambayo hana daftari la kuyajibia.

Makala hii inajibu maswali matatu. Kwanza, mzigo ukipotea au ukiharibika, nani huwajibika na kwa kiwango gani? Pili, ni katika hatua zipi mzigo huwa hatarini zaidi? Tatu, ni taratibu zipi zinazoweza kutekelezwa na hoteli ya ukubwa wowote, ikiwemo nyumba ya wageni isiyo na kamera za ulinzi?

2.0 Mazingira ya Mfano: Moshi na Arusha

Miji ya Moshi na Arusha imechaguliwa kwa sababu uhifadhi wa mizigo katika miji hiyo ni sehemu ya kawaida ya safari. Mlima Kilimanjaro una kimo cha mita 5,895. Safari ya kuupanda na kuushuka kwa njia ya Marangu huchukua siku tano au sita, kwa njia ya Machame siku sita au saba, na kwa njia ya Lemosho siku saba au nane. Mzigo wa mpagazi mmoja una kikomo cha kilo 20, ukijumuisha vitu vyake mwenyewe. Ndiyo maana kampuni za utalii huwataka wageni wapunguze begi la mlimani hadi kufikia takriban kilo 15. Vivyo hivyo, kampuni nyingi za ndege ndogo ziendazo katika viwanja vya hifadhini, kama vile vya Serengeti, huweka kikomo cha kilo 15 na kudai mabegi laini yasiyo na fremu ngumu.

Matokeo yake ni kwamba mgeni aliyewasili kwa ndege kubwa akiwa na sanduku la kilo 23 hulazimika kuacha sehemu ya vitu vyake mjini. Nguo za mjini, kompyuta, zawadi, na wakati mwingine vifaa vya kazi hubaki hotelini kwa wiki nzima. Katika kipindi hicho mwenye mzigo yuko mlimani, ambako mawasiliano ya simu si ya uhakika. Hawezi kupita mapokezi kuuangalia mzigo wake, wala hawezi kuulizwa pale jambo lisilotarajiwa linapotokea.

Sifa ya pili ya mazingira haya ni wingi wa watu wanaohusika. Katika uhifadhi wa kawaida wapo wawili tu, mgeni na hoteli. Katika safari ya mlimani huongezeka wakala wa utalii, dereva na mwongozaji. Mara nyingi mgeni humkabidhi mwongozaji begi, mwongozaji humkabidhi mhudumu wa hoteli, na siku ya kurudi dereva ndiye anayelichukua. Hivyo mzigo mmoja hupita katika mikono ya watu wanne, na mgeni mwenyewe huenda hakuwahi kuzungumza na mtu aliyeutunza.

3.0 Dhana ya Amana na Msingi wa Wajibu

3.1 Amana katika lugha na katika fikihi

Neno amana limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa pia maneno amini, imani na uaminifu. Kwa hiyo, katika matumizi ya Kiswahili, kuweka kitu amana si kukihamisha mahali tu, bali ni kumwamini mtu. Mzungumzaji husema kitu kipo amana kwa fulani. Hasemi kipo amana katika chumba fulani. Matumizi haya yanabeba wazo muhimu: mtunzaji ni mtu, na mahali ni chombo tu cha utunzaji wake.

Fikihi ya Kiislamu huuita mkataba wa aina hii wadia. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi katika pwani ya Afrika Mashariki, mtunza amana hadaiwi fidia kitu kikipotea pasipo kosa lake. Hudaiwa pale tu anapovuka mpaka, kwa mfano kwa kukitumia kitu alichokabidhiwa, au anapozembea katika kukitunza. Mkono wake ni mkono wa amana. Hugeuka kuwa mkono wa dhamana anapokosea. Tofauti kati ya maneno hayo mawili, amana na dhamana, ndiyo kiini cha suala lote la wajibu.

3.2 Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara

Msingi wa kisheria kwa Tanzania Bara unapatikana katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Sheria hii ilitungwa mwaka 1961 na kuchukua nafasi ya Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyokuwa ikitumika Tanganyika, na vifungu vyake vingi vinafuata mfano wa sheria hiyo. Amana, kwa mujibu wake, ni kukabidhi mali kwa mtu mwingine kwa kusudi fulani, kwa makubaliano kwamba kusudi likishatimia mali itarudishwa au itatolewa kwa namna mwenyewe atakavyoagiza.

Mambo matatu katika sheria hiyo yanahusu moja kwa moja mzigo wa hotelini. La kwanza ni kiwango cha uangalifu. Mtunza amana anatakiwa kuitunza mali kama mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza mali yake mwenyewe ya ukubwa, ubora na thamani ileile katika mazingira yaleyale. Kiwango hicho kinahusu amana zote, ziwe za malipo au za bure. Kwa hiyo dai kwamba hoteli ilimsaidia tu mgeni bila malipo halitoshi kuondoa wajibu.

La pili ni urejeshaji. Mtunza amana anatakiwa kuirudisha mali muda ulipokwisha au kusudi lilipotimia bila kusubiri kudaiwa, na asipofanya hivyo kwa kosa lake, hasara inayotokea kuanzia wakati huo ni juu yake. La tatu linamhusu mwenye mali. Anatakiwa kumweleza mtunzaji kasoro za mali anazozijua na zinazoweza kumletea madhara. Mgeni anayeacha mtungi wa gesi ya jiko la mlimani ndani ya begi bila kusema anakiuka wajibu huu, na madhara yakitokea kwa sababu hiyo yeye ndiye anayewajibika.

Kuhusu uthibitisho, kanuni ya sheria ya kawaida ya Uingereza, yenye ushawishi katika mahakama za Afrika Mashariki, ni kwamba mwenye mali akishathibitisha kwamba alikabidhi na hakurudishiwa, mzigo wa kuthibitisha uangalifu humhamia mtunzaji. Mfano unaofaa ni shauri la Houghland dhidi ya R. R. Low (Luxury Coaches) Ltd la mwaka 1962. Sanduku la abiria liliwekwa katika buti la basi. Basi likaharibika njiani, na mizigo ikahamishiwa katika basi jingine pasipo mtu wa kusimamia. Sanduku halikuonekana tena. Kampuni ilishindwa kuonyesha kwamba ilichukua uangalifu uliostahili, na mahakama ikaamua kwamba inawajibika. Fundisho la shauri hili ni kwamba hatari haikuwa ndani ya buti lililofungwa, bali katika dakika chache za kuhamisha mizigo.

3.3 Wajibu wa mwenye hoteli katika sheria za nchi nyingine

Mbali na sheria ya amana, upo utamaduni mwingine wa kisheria unaomtazama mwenye hoteli kwa ukali zaidi. Sheria ya Kirumi iliwabana wenye meli, wenye nyumba za wageni na wenye mazizi ya farasi wawajibike kwa vitu walivyovipokea hata pasipo kuthibitishwa kosa lao, kwa kuwa msafiri hana uwezo wa kuwachunguza watu anaolala kwao. Nchini Uingereza, kanuni ya wajibu wa mwenye nyumba ya wageni ilifafanuliwa katika shauri la Calye mwaka 1584. Baadaye Sheria ya Wamiliki wa Hoteli ya mwaka 1956 iliweka kikomo cha fidia cha pauni 50 kwa kitu kimoja na pauni 100 kwa jumla, kwa sharti kwamba tangazo lililowekwa na sheria limebandikwa mahali panaposomeka kwa urahisi. Kikomo hicho hakitumiki ikiwa upotevu umetokana na kosa la mmiliki au mtumishi wake, wala ikiwa mali ilikabidhiwa mahususi ili itunzwe.

Jambo la kuzingatia ni muda. Sheria hiyo ya 1956 humhesabu mtu kuwa mgeni kuanzia usiku wa manane unaotangulia kipindi cha chumba chake hadi usiku wa manane unaokifuata. Mtu aliyeacha begi kwa siku saba amekwisha kutoka katika kinga hiyo siku ya kwanza. Kinachobaki ni sheria ya amana ya kawaida. Sheria ya Ujerumani inachukua msimamo tofauti. Kanuni ya Madai ya nchi hiyo, kifungu cha 701, inajumuisha pia vitu ambavyo mwenye hoteli au watu wake wamevipokea kuvitunza katika muda wa kiasi kabla au baada ya kipindi cha mgeni kulala. Kikomo cha fidia kwa Ujerumani ni mara 100 ya bei ya chumba kwa siku, kisichopungua yuro 600 wala kuzidi yuro 3,500. Mkataba wa Baraza la Ulaya uliotiwa saini Paris mwaka 1962 ulikusudiwa kuzisogeza karibu sheria za aina hii.

Sheria ya Kiingereza ya 1956 haitumiki Tanzania, kwa kuwa tarehe ya kupokea sheria za Uingereza ilikuwa 22 Julai 1920. Manufaa ya ulinganisho huu ni ya kinadharia: unaonyesha kwamba kipindi ambacho mtu si mgeni wa chumba, lakini mzigo wake bado uko hotelini, ni pengo ambalo hata nchi zenye sheria mahususi hazikulijaza kwa namna moja. Mpanda mlima wa Moshi anaishi ndani ya pengo hilo kwa wiki nzima.

4.0 Matangazo ya Kukana Wajibu

Hoteli nyingi hubandika tangazo kwamba mali huachwa kwa hiari ya mwenyewe na kwamba hoteli haitawajibika kwa upotevu. Swali ni kama tangazo hilo lina nguvu. Mashauri mawili ya Uingereza yanatoa mwanga.

Katika Olley dhidi ya Marlborough Court Ltd la mwaka 1949, mgeni aliacha ufunguo wa chumba kwenye ubao wa mapokezi, mtu asiyehusika akauchukua na kuiba nguo za manyoya. Hoteli ilitegemea tangazo lililobandikwa chumbani. Mahakama ya Rufaa ilikataa utetezi huo, kwa kuwa mkataba ulikwisha kufungwa mapokezi kabla mgeni hajaliona tangazo. Katika Chapelton dhidi ya Barry Urban District Council la mwaka 1940, masharti yaliandikwa nyuma ya tiketi ya kukodi kiti cha ufukweni. Mahakama iliamua kwamba mtu wa kawaida angeichukulia tiketi hiyo kuwa risiti ya malipo tu, si hati ya mkataba.

Kutokana na mashauri haya, sharti la kukana wajibu lina nafasi ya kusimama pale tu mgeni anapojulishwa kabla au wakati wa kukabidhi mzigo, kwa namna isiyofichika na kwa lugha anayoielewa. Tangazo lililo ndani ya chumba cha mizigo, ambako mgeni haingii, halimjulishi mtu yeyote. Aidha, hata tangazo lililo wazi haliigeuzi hoteli isiyo na utaratibu kuwa mtunzaji mwangalifu. Hoteli inayotegemea tangazo badala ya daftari imejiandaa kwa ajili ya kesi, haijajiandaa kwa ajili ya utunzaji.

5.0 Hatua za Utunzaji

5.1 Kupokea

Hatua ya kupokea ndiyo inayoamua ubora wa hatua zote zinazofuata. Stakabadhi inayotosha huwa na sehemu mbili zenye namba moja: moja hufungwa kwenye mzigo, nyingine hupewa mgeni. Namba hiyo huandikwa katika daftari pamoja na tarehe na saa, idadi ya vipande, maelezo mafupi ya kila kipande, hali yake, tarehe inayotarajiwa ya kuchukuliwa, na jina la mhudumu aliyepokea.

Idadi ya vipande inastahili mkazo. Mgeni anayesema ameacha mizigo yake, na daftari linalosema mizigo ya mgeni wa chumba fulani, hayatofautishi vipande viwili na vitatu. Mfuko mdogo uliowekwa juu ya sanduku ndio unaopotea kwa urahisi, na ndio unaobishaniwa zaidi. Vilevile hali ya mzigo iandikwe: zipu iliyokatika, gurudumu lililovunjika, kufuli lisilokuwepo. Maelezo haya humkinga mtunzaji dhidi ya lawama za uharibifu uliokuwepo tangu mwanzo.

Kinyume chake, lebo inayoning'inia kwenye mzigo haipaswi kubeba taarifa nyingi. Jina kamili, namba ya hati ya kusafiria na namba ya simu zikiandikwa hapo, kila apitaye huzisoma. Namba peke yake inatosha, na taarifa nyingine zibaki daftarini. Utaratibu huo unaendana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotaka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi mahususi na zilindwe.

Pale mzigo unapoletwa na mwongozaji au dereva, daftari liandike majina mawili: la mwenye mzigo na la aliyeuleta. Sehemu ya stakabadhi iliyo ya mgeni imfikie mgeni mwenyewe, walau kwa picha ya simu kabla hajaondoka kwenda langoni. Bila hivyo, mwenye mali hana ushahidi wowote kwamba mali yake ilifika hotelini.

5.2 Kutunza

Chumba cha mizigo kinachofaa ni kile chenye mlango mmoja unaofungwa, kisichotumika kwa kazi nyingine. Chumba ambacho pia ni stoo ya mashuka, mahali pa kubadilishia nguo wafanyakazi na njia ya kwenda jikoni hakiwezi kuwa na mtunzaji anayejulikana, kwa kuwa kila mtu ana sababu halali ya kuingia. Kufuli la mlango huo lina faida ikiwa ufunguo una mtu mmoja kwa kila zamu, na makabidhiano ya ufunguo yanaandikwa.

Makabidhiano ya zamu ndiyo sehemu inayofanana na basi lililoharibika njiani katika shauri la Houghland. Mhudumu anayetoka na anayeingia wanapaswa kuhesabu vipande pamoja, kulinganisha na daftari, na kutia saini. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na faida yake ni kubwa: kipande kikikosekana, hujulikana ni katika zamu gani kilikosekana. Bila hesabu hiyo, upotevu uliotokea siku ya pili hugunduliwa siku ya saba, wakati watu wengi wamekwisha kupita.

Mizigo ya muda mrefu itengwe na mizigo ya siku moja. Mizigo ya siku moja huingia na kutoka mara kwa mara, na kila inapotolewa, iliyo jirani husogezwa. Mzigo wa mpanda mlima ukiwekwa nyuma au kwenye rafu ya juu, hauguswi hadi siku yake. Hoteli isiyo na chumba inaweza kufunga mizigo pamoja kwa wavu au mnyororo unaopita katika vishikio, mahali panapoonekana na mapokezi muda wote. Kamera, pale zilipo, husaidia kujua kilichotokea, lakini hazimzuii mtu kuchukua begi lisilo lake. Na kumbukumbu ya kamera hufutika baada ya muda, jambo lenye uzito kwa mzigo wa siku saba.

5.3 Kutoa

Mzigo mwingi hupotea kwa kutolewa kwa mtu asiye mwenyewe kwa nia njema. Masanduku meusi hufanana, na mgeni mwenye haraka huonyesha kwa kidole. Kanuni ni kwamba mzigo hutolewa kwa namba, si kwa kuonyeshwa. Sehemu mbili za stakabadhi zilinganishwe, idadi ya vipande ihesabiwe mbele ya mpokeaji, naye atie saini. Stakabadhi ikipotea, mpokeaji athibitishe utambulisho wake kwa hati yenye picha na aeleze kitu kilichomo ndani kabla begi halijafunguliwa.

Hali ngumu zaidi ni pale mwenyewe hawezi kuja. Mpanda mlima anaweza kuugua kwa sababu ya mwinuko, akashushwa na kupelekwa hospitalini, kwa mfano KCMC mjini Moshi, na mtu mwingine akafika hotelini kuomba begi lenye nguo, dawa au hati za bima. Hapa mambo mawili yanakinzana: ucheleweshaji unaweza kumdhuru mgonjwa, na haraka inaweza kumpa tapeli mali isiyo yake. Utatuzi wake haupatikani wakati wa dharura, bali wakati wa kupokea. Daftari likiwa na nafasi ya kuandika jina la mtu mmoja anayeruhusiwa kuchukua mzigo kwa niaba ya mgeni, mhudumu wa usiku ana jibu. Lisipokuwa nayo, analazimika kuchagua kati ya utu na tahadhari, na chaguo lolote laweza kumgharimu.

6.0 Nafasi ya Kufuli

Kufuli la begi hudhaniwa kuwa ndilo ulinzi wenyewe. Uchambuzi wa namna linavyofanya kazi unaonyesha vinginevyo. Zipu ya kawaida inaweza kutenganishwa kwa ncha ya kalamu, kisha vishikio vyake vikarudishwa juu ya sehemu iliyotenganishwa na begi likaonekana kama halijaguswa. Kufuli linalounganisha vishikio viwili vya zipu halizuii jambo hili, kwa kuwa vishikio bado vinaweza kuteleza pamoja. Likifungwa kwenye pete au mshikio usiosogea wa begi, zipu haiwezi kurudishwa na uvunjaji huonekana.

Makufuli yanayofunguliwa na maafisa wa usalama wa viwanja vya ndege vya Marekani yana udhaifu wa ziada. Picha ya funguo kuu za makufuli hayo ilichapishwa gazetini mwaka 2014, na kufikia mwaka 2015 michoro ya kuzitengeneza kwa mashine ya kuchapa vitu ilikuwa ikipatikana hadharani.

Kutokana na hayo, kazi za kifungo cha begi zinaweza kugawanywa katika makundi matatu: kuzuia, kuchelewesha na kudhihirisha. Makufuli mengi ya mabegi hayazuii; huchelewesha kidogo. Kifungo cha plastiki chenye namba, ambacho ni cha bei nafuu, hakizuii wala hakicheleweshi, lakini hudhihirisha: kikikatwa hakiwezi kurudishwa, na namba yake ikiwa imeandikwa daftarini, kubadilishwa kwake hugundulika. Vifaa vya kielektroniki vya kufuatilia mahali begi lilipo vina mpaka wa aina hiyohiyo. Huonyesha kwamba begi liko hotelini; havionyeshi kwamba vilivyomo bado vimo.

7.0 Wajibu wa Mgeni

Mgawanyo wa wajibu haumwachi mgeni bila kazi. Vitu visivyoweza kufidiwa kwa fedha, au ambavyo kukosekana kwake husimamisha safari, havipaswi kubaki katika mzigo wa akiba: hati ya kusafiria, dawa, fedha taslimu na nakala pekee ya kazi iliyo katika kompyuta. Ikiwa hoteli ina sanduku la chuma, vitu hivyo vikabidhiwe mahususi na viorodheshwe kimoja kimoja, kwa sababu mtunzaji hupimwa kwa kulinganisha na mali ya thamani ileile, na thamani isiyotajwa ni vigumu kuidai.

Aidha, mgeni aupige picha mzigo wake ukiwa umefungwa, aondoe mitungi ya gesi, na ataje betri za lithiamu zilizomo. Aseme wazi tarehe ya kurudi, na aseme pia nini kifanyike akichelewa. Mzigo usio na tarehe hugeuka kuwa mzigo usio na mwenyewe.

8.0 Nafasi ya Mhudumu

Mijadala mingi kuhusu usalama wa mizigo huwataja mgeni na mwenye hoteli, ilhali mtu wa tatu husahaulika. Mhudumu wa mapokezi au mchukuzi wa mizigo ndiye mkono halisi wa amana. Begi likipotea, thamani yake yaweza kuzidi mshahara wake wa miezi kadhaa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka mipaka ya makato ya mshahara. Mwajiri anaweza kukata kwa ajili ya kufidia hasara ikiwa tu mfanyakazi amekubali kwa maandishi, hasara ilitokea kazini kwa kosa lake, ameelezwa kwa maandishi sababu na kiasi cha deni, na amepewa nafasi ya kupinga. Makato hayaruhusiwi kuzidi hasara halisi, wala kuzidi robo ya ujira wake wa fedha. Sharti la kosa lake ndilo lenye uzito hapa. Pasipo daftari la makabidhiano, mwajiri hana njia ya haki ya kujua kosa ni la nani, na mfanyakazi hana njia ya kuonyesha kwamba si lake. Katika hali hiyo, lawama humwendea aliyekuwa kaunta siku upotevu ulipogunduliwa, hata kama begi lilitoka siku tano kabla ya zamu yake. Daftari ambalo mhudumu huliona kuwa kazi ya ziada ndilo shahidi wake wa pekee.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba mzigo unaoachwa hotelini ni amana, iwe imelipiwa au haikulipiwa, na kwamba mtunzaji wake hupimwa kwa uangalifu wa mtu mwenye busara juu ya mali yake mwenyewe. Imeonyesha pia kwamba hatari kubwa haiko katika saa nyingi ambazo mzigo umetulia, bali katika dakika chache za kupokea, kubadilishana zamu na kutoa. Kufuli, kamera na vifaa vya kufuatilia vina nafasi yake, lakini hakuna hata kimoja kinachojibu swali la nani alipokea nini na akamkabidhi nani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hueleweka kwa kawaida kuwa ni onyo kwa mfanyabiashara. Katika muktadha wa mzigo wa mgeni, uzito wake uko katika neno habari: mali yaweza kupotea hata penye daftari, lakini penye daftari upotevu huwa na habari, na penye habari haki huweza kutendeka. Stakabadhi yenye sehemu mbili, daftari lenye mistari saba na hesabu ya vipande kila zamu havihitaji mtaji mkubwa. Kwa hiyo makala inapendekeza taratibu hizo ziingizwe katika mafunzo ya watumishi wa hoteli na nyumba za wageni, na watafiti wa sheria walichunguze zaidi pengo la wajibu katika kipindi ambacho mtu ameacha mzigo hotelini bila kuwa mgeni wa chumba.